Uraibu na kujipima katika ujana

Uraibu ni shughuli ambayo mtu huichagua mwenyewe na kuifanya mara kwa mara katika muda wake wa mapumziko kwa sababu anaipenda, bila kulipwa wala kulazimishwa. Kujipima ni kujiwekea kwa hiari lengo gumu, kama vile kukimbia umbali ambao mwili haujawahi kuufikia au kuandika kitabu mpaka mwisho, na kulifuatilia hadi ijulikane kama linawezekana. Mambo hayo mawili hukutana hasa katika ujana, mtu anapoanza kupanga muda wake mwenyewe na bado hajui vizuri ana uwezo gani.

Makala hii inaeleza jinsi uraibu wa kuridhisha unavyopatikana, ukichukua mifano ya wilaya ya Bunda na majirani zake wa Musoma na Butiama katika mkoa wa Mara, kaskazini mwa Tanzania. Kisiwa cha Ukerewe kimo pia, ingawa kiko mkoa wa Mwanza, kwa kuwa kutoka Bunda ni kuvuka tu kwa kivuko cha Kisorya.

## Jina

Neno uraibu lina sura mbili. Kwa upande mmoja hutaja jambo lolote ambalo mtu amelizoea na kulipenda, kwa hiyo pia shughuli ya kupitishia wakati. Kwa upande mwingine hutaja mazoea ya tambuu, tumbaku na vileo, na siku hizi magazeti na wataalamu wa afya hulitumia zaidi kwa utegemezi wa dawa za kulevya. Mwenye hali hiyo huitwa mraibu. Vijana wengi husema "hobi", na baadhi ya waandishi hutumia "mapendeleo". Katika makala hii neno limetumika kwa maana ile njema, lakini si vibaya msomaji akumbuke ile nyingine. Mpaka kati ya shughuli inayomjenga kijana na shughuli inayomtawala hauonekani siku zote mwanzoni.

Neno "changamoto" nalo limechoka. Katika hotuba na ripoti limekuwa jina la adabu la matatizo: barabara mbovu ni changamoto, upungufu wa walimu ni changamoto. Ndiyo sababu hapa linatumika "kujipima". Tatizo humjia mtu bila kuitwa, ilhali kipimo amejitakia.

## Umri na muda

Sera ya Taifa ya Maendeleo ya Vijana ya Tanzania ya mwaka 2007 inamhesabu kijana kuwa mtu wa umri wa miaka 15 hadi 35, sawa na Mkataba wa Vijana wa Afrika wa mwaka 2006. Mwanasaikolojia Mmarekani Jeffrey Arnett alipendekeza mwaka 2000 kwamba miaka 18 hadi 25 ihesabiwe kama hatua ya pekee ya maisha, ambapo mtu si mtoto tena na bado hajajifunga na kazi wala ndoa. Alikuwa akizungumzia nchi tajiri. Kwa Afrika picha ni nyingine: mwanaanthropolojia wa Msumbiji Alcinda Honwana, katika kitabu chake cha mwaka 2012, alieleza vijana ambao wamekwama katika kusubiri. Shule wamemaliza, kazi ya kudumu hawana, na bila kazi hawawezi kujenga wala kuoa, kwa hiyo jamii haiwahesabu kuwa watu wazima.

Kusubiri huko kuna kalenda yake. Mtihani wa kidato cha nne hufanyika Novemba, matokeo hutoka Januari, na wanaochaguliwa kidato cha tano huripoti karibu na Julai. Ni miezi minane hivi. Aliyemaliza kidato cha sita mwezi Mei naye husubiri hadi Oktoba au Novemba ndipo aingie chuo kikuu. Kwa wale ambao hawakuchaguliwa popote, kusubiri hakuna tarehe ya mwisho.

Katika kipindi hichohicho kijana hupoteza mengi bila kutambua. Shuleni alikuwa na uwanja, mpira, ratiba, mwalimu wa michezo na mashindano ya UMISSETA ya kuyalenga. Alikuwa na klabu ya mdahalo, skauti, kwaya. Siku anapokabidhi godoro na kutoka bwenini, vyote hivyo hubaki nyuma. Walimu wengi wamemwona mkimbiaji hodari wa kidato cha nne akiwa hana tena hata raba mwaka mmoja baadaye. Miguu ni ileile, ila hakuna tena kengele ya saa kumi inayomwita uwanjani. Sehemu kubwa ya kutafuta uraibu baada ya shule ni kujitengenezea kengele hiyo.

Wakati wenyewe haupungui. Katika vijiji vya Bunda wanakolima pamba, mahindi, mtama na mihogo, kazi hubana kuanzia mvua za vuli hadi mavuno, kisha miezi ya kiangazi, Juni hadi Septemba, huwa na nafasi. Pwani ya Ghuba ya Speke kalenda hufuata mwezi: wavuvi wa dagaa huvua kwa taa usiku wa giza, na mbalamwezi inapokuwa kali hupumzika siku kadhaa, kwa sababu taa haivuti dagaa vizuri. Kijana mvuvi anayetaka kujifunza jambo atafanikiwa zaidi akilipanga kwa siku hizo za mbalamwezi kuliko akinakili ratiba ya mtu wa mjini anayefanya mazoezi kila Jumamosi.

## Kwa nini baadhi hudumu

Mwanasosholojia Robert Stebbins wa Chuo Kikuu cha Calgary, Kanada, alianza mwaka 1982 kutofautisha burudani nyepesi na burudani ya dhati. Burudani nyepesi hufurahisha papo hapo na haihitaji mafunzo: kutazama filamu, kupiga soga, kulala chini ya mwembe. Burudani ya dhati humtaka mtu avumilie nyakati za kuchosha, ajifunze ujuzi, apite hatua moja baada ya nyingine kama mtu anayepanda cheo, na mwishowe ajitambulishe kwayo: "mimi ni mwanakwaya", "mimi ni mkimbiaji". Stebbins hakuikataa burudani nyepesi, maana kila mtu anaihitaji. Alichoonyesha ni kwamba ile inayomridhisha mtu kwa miaka ni ya aina ya pili.

Mwanasaikolojia Mihaly Csikszentmihalyi (1934–2021), aliyefundisha Chuo Kikuu cha Chicago, alifika karibu na hapo kwa njia nyingine. Aliwahoji wapanda miamba, wacheza sataranji, wacheza dansi na wapasuaji ili ajue wanapata nini katika shughuli zao. Walieleza hali inayofanana: akili yote imezama katika kazi, saa zinapita bila kuhisiwa, na mtu anajisahau. Hali hiyo hutokea pale ugumu wa kazi unapokaribiana na uwezo wa mtendaji. Kazi ikiwa rahisi mno, mtu huchoshwa nayo. Ikiwa ngumu mno, huingiwa na wasiwasi.

Kila aliyewahi kutazama bao likichezwa chini ya mti anaijua hali hiyo hata kama hajasikia jina la profesa. Bao la Kiswahili lina mashimo 32 katika safu nne, na kete 64. Anayeanza hushindwa kwa dakika chache na kuchekwa. Akicheza na mtu wa kiwango chake, chai hupoa pembeni. Akishakuwa hodari kuliko wote kijiweni, huanza kupiga miayo, na hapo ama atatafuta kijiwe kingine ama ataacha. Uraibu unahitaji hatua inayofuata. Ukikosa hatua hiyo, hugeuka kuwa mazoea tu.

Jambo la tatu, ambalo wanasaikolojia wa nchi za mbali hawalisisitizi sana, ni wenzi. Katika jamii ambamo kukaa peke yako hutafsiriwa kuwa una kisirani au ugonjwa, kijana anayejifungia na daftari lake huulizwa maswali kila siku. Kumpata hata mwenzi mmoja wa kukimbia naye alfajiri humwondolea maelezo mengi.

## Majaribu ya zamani

Zamani kijana hakuhitaji kujitafutia kipimo, kwa maana jamii ilikuwa nacho tayari. Kwa Wakurya na makabila mengine kadhaa ya Mara jando lilikuwa mtihani wa hadhara wa kuvumilia maumivu, na waliotahiriwa pamoja walikuwa rika moja maisha yao yote. Wazanaki walichonga meno ya mbele, na Julius Nyerere, aliyezaliwa Butiama mwaka 1922, alikuwa na alama hiyo mpaka kifo chake. Kwa Wakurya wizi wa ng'ombe nao ulihesabiwa kuwa ujasiri. Majaribu hayo yalikuwa na gharama, na hakuna sababu ya kuyapamba: watu waliuawa katika wizi wa mifugo, na ukeketaji wa wasichana, ambao ulienda sambamba na jando la wavulana, ni kosa la jinai chini ya sheria ya makosa ya kujamiiana ya mwaka 1998 kwa msichana aliye chini ya miaka 18. Lakini yalimpa kijana jibu la wazi, mbele ya watu, kwamba ameweza.

Upande wa Wasukuma, ambao makazi yao yanapakana na Bunda kusini, kuna mfano usio na damu. Vyama viwili vya ngoma, Bagika na Bagalu, vimeshindana tangu karne ya 19. Baada ya mavuno makundi ya pande zote mbili hucheza kwa wakati mmoja, na mshindi ni yule aliyevuta umati mkubwa zaidi. Kwa hiyo kila kundi hubuni jipya kila mwaka: wengine hurusha majembe na kuyadaka, wengine hucheza na nyoka. Makumbusho ya Bujora, huko Kisesa karibu na Mwanza, yanaendeleza desturi hiyo katika sherehe za Bulabo mwezi Juni. Mashindano hayo yana vyote vitatu vilivyotajwa juu: msimu wenye nafasi, wenzi, na hatua inayofuata, kwa sababu mpinzani naye anafanya mazoezi.

## Mifano ya watu

Suleiman Nyambui alizaliwa mwaka 1953 Majita, mwambao wa ziwa katika wilaya ya Musoma, jirani kabisa na Bunda. Katika Michezo ya Olimpiki ya Moscow mwaka 1980, akiwa na umri wa miaka 27, alipata medali ya fedha katika mbio za mita 5000, akiachwa kwa chini ya sekunde moja na Miruts Yifter wa Ethiopia. Mbio hizo ni mizunguko 12 na nusu ya uwanja. Medali yake na ile ya Filbert Bayi katika michezo hiyohiyo ndizo pekee ambazo Tanzania imewahi kupata katika Olimpiki hadi michezo ya Paris ya mwaka 2024. Linalofaa zaidi kwa mada hii lilikuja baadaye: badala ya kung'ang'ania mbio zilezile mwili ulipokuwa unazeeka, alihamia marathoni, akashinda Berlin mwaka 1987 na tena 1988. Alibadilisha kipimo.

Euphrase Kezilahabi alizaliwa mwaka 1944 Namagondo, Ukerewe. Riwaya yake ya kwanza, *Rosa Mistika*, ilitoka mwaka 1971, naye akiwa na miaka 27. Ilizungumzia mambo ya wasichana na shule kwa uwazi ambao uliwashtua wengi, na kwa muda ilizuiwa isisomwe shuleni. Miaka mitatu baadaye alitoa *Kichomi*, mkusanyo wa mashairi yasiyofuata vina na mizani, na wanamapokeo wakamjia juu. Kijana aliyetafuta sifa za haraka asingechagua njia hiyo.

Mfano wa kutafakari zaidi ni wa mtu wa Ukerewe hiyohiyo aliyemtangulia. Aniceti Kitereza alizaliwa mwaka 1896. Akiwa kijana alisoma katika seminari ya wamisionari, akajifunza lugha za kigeni kadhaa. Baadaye alitumia muda wake kuandika kwa lugha ya kwao, Kikerewe, riwaya ndefu kuhusu mume na mke waliopendana na kusumbuliwa na ukosefu wa mtoto. Aliimaliza mwaka 1945. Hakuna aliyekuwa tayari kuchapisha kitabu kikubwa cha lugha yenye wasomaji wachache. Kitereza hakuutupa mswada. Aliutafsiri mwenyewe kwa Kiswahili, tena katika uzee, na *Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka* ikachapishwa na Tanzania Publishing House mwaka 1980, miaka 35 baada ya kumalizika. Mwandishi alifariki mwaka 1981. Kama furaha yake ingetegemea kitabu kutoka, angekuwa mtu mwenye huzuni kwa zaidi ya theluthi moja ya maisha yake. Kitabu chenyewe, chenye maelezo ya subira kuhusu uvuvi, kilimo, pombe, tiba na adabu za wakwe, kinaonyesha mtu aliyeipenda kazi ilipokuwa mikononi mwake.

Nyerere naye anastahili kutajwa, si kwa siasa. Tafsiri yake ya tamthilia ya Shakespeare kuhusu Julius Caesar ilitoka mwaka 1963, akiwa rais. Mwaka 1969 aliitoa tena ikiwa imesahihishwa, kwa jina la *Juliasi Kaizari*, na mwaka huohuo akatoa *Mabepari wa Venisi*. Baada ya kustaafu aliendelea hadi kuziweka Injili katika utenzi, uliochapishwa mwaka 1996. Kurudia kazi ambayo ilikwisha kuchapwa na kusomwa, ili tu mistari ikae vizuri zaidi, ni alama ya uraibu wa dhati, na hakuna mshahara unaoweza kumlazimisha mtu kuufanya.

## Shughuli zilizo karibu

Orodha za mtandaoni za "hobi 100 za kujaribu" kwa kawaida hazimsaidii kijana wa Bunda, maana nusu yake zinahitaji theluji au kadi ya benki. Ni afadhali kuanzia na kilichopo.

Kukimbia ndiko rahisi kuanza. Nguzo za umeme kando ya barabara hutosha kuwa vipimo: kimbia nguzo mbili, tembea moja, na kila wiki ongeza. Kipimo cha kweli ni muda kati ya alama mbili zilezile ukiandikwa daftarini, si hisia za siku hiyo. Anayetaka tarehe ya kulenga anaweza kujiandikisha katika Kilimanjaro Marathon, inayofanyika Moshi tangu mwaka 2003 na yenye nusu marathoni pia. Vilima vinavyouzunguka mji wa Bunda, kama Balili, ni mazoezi mazuri ya mapafu. Katika vijiji vinavyopakana na Hifadhi ya Serengeti asikimbie mtu gizani. Tembo huingia mashambani usiku na wengine huwa bado wako njiani alfajiri.

Kwaya pengine ndiyo uraibu wenye vijana wengi kuliko wote mkoani Mara, Wasabato, Wamenoni, Wakatoliki na wengineo, ingawa wenyewe huiita huduma na hawangependa iitwe uraibu. Haigharimu kitu, na ndani yake kijana hujifunza kushika sauti ya tatu wakati jirani yake anaimba ya kwanza, jambo gumu kuliko linavyoonekana. Anayetaka kujipima zaidi ajifunze kusoma solfa badala ya kukariri. Akishaiweza, hufungua kitabu asichowahi kukisikia na kuimba kilichoandikwa. Kupiga ala ni hatua nyingine. Wakurya wana litungu, na Waluo wa Rorya nyatiti, zote za nyuzi nane, na wapigaji wake wazuri wamebaki wazee.

Kutazama ndege hakujazoeleka, na wengi hudhani ni kazi ya wageni wenye kofia. Lakini Bunda iko mahali ambapo watalii hulipa fedha nyingi kufika: ziwa upande mmoja, nyika ya Serengeti upande wa pili, na lango la Ndabaka kando ya barabara kuu ya Mwanza–Musoma. Kuingia hifadhini kuna kiingilio, ila ndege hawajui mpaka. Ufukweni wako mdiria wanaoning'inia hewani kabla ya kupiga mbizi, furukombe mla samaki, korongo wenye taji. Miongoni mwa miti wako kasuku wadogo wa kijani na rangi ya chungwa, *Agapornis fischeri*, ambao asili yao ni kaskazini mwa Tanzania. Kinachohitajika ni daftari, kalamu na uvumilivu. Darubini ni ya baadaye. Kumbukumbu zenye tarehe na mahali zina thamani kwa sayansi, kwani Atlasi ya Ndege wa Tanzania imejengwa kwa taarifa za watu wa kujitolea.

Kukusanya lugha kunafaa kwa mwenye simu na bibi. Kijita, Kiikizu, Kisizaki na Kizanaki vina maneno ya miti, samaki, undugu na magonjwa ambayo vijana wa mjini hawayajui tena. Kijana akijiwekea lengo la majina 100 ya miti, kila jina na matumizi yake, atakuwa na kazi ya mwaka mzima, na kwa kila jina itambidi amtembelee mtu. Adabu ni kuomba ruhusa kabla ya kurekodi. Wanaopenda kuandika wanaweza pia kuchangia kamusi elezo hii, iliyoanza kwa Kiswahili mwaka 2003 na ambayo bado ina vijiji vingi vya Mara visivyo na zaidi ya sentensi mbili.

Kuogelea na kupiga kasia ziwani kunavutia, na mashindano ya mitumbwi hufanyika Kanda ya Ziwa mara kwa mara. Hata hivyo maji ya kando yenye magugu yana konokono wanaoeneza kichocho, na sehemu nyingine zina mamba na viboko. Aulizwe kwanza mvuvi wa mahali hapo.

## Wasichana

Karibu yote yaliyoandikwa juu hudhani kwamba kijana ana saa zake. Kaka akirudi shambani huenda kijiweni au uwanjani. Dada huenda kuteka maji, kuokota kuni, kupika na kulea wadogo. Akikimbia barabarani huulizwa anakwenda wapi na kwa nini amevaa hivyo. Hapo ndipo uraibu unapokuwa suala la haki nyumbani kabla ya kuwa suala la kipaji: mama anayempa mwanawe wa kiume zamu ya maji siku mbili kwa wiki amemnunulia binti yake muda ambao hakuna shirika linaloweza kuuleta.

Wasichana wengi huchagua kazi za mikono zinazoweza kukatizwa na kuendelezwa, kama kufuma vitambaa kwa kroshia, na humo pia mna hatua, kutoka kitambaa cha meza hadi nguo nzima. Lakini si lazima waishie nyumbani. Bunda Queens, timu ya wanawake kutoka mji huu, imefika Ligi Kuu ya Wanawake ya Tanzania, na msichana wa Bunda anayetaka kucheza mpira leo ana jibu la kumpa mzazi anayesema hayo si mambo ya wanawake.

## Kubeti na fursa

Shughuli inayochukua muda mwingi wa wavulana vijiweni kwa sasa ni kubeti. Sheria ya michezo ya kubahatisha ya mwaka 2003 inakataza aliye chini ya miaka 18 kucheza, ila kwa mwenye umri huo ni halali. Inafanana na uraibu mzuri kwa sura: kuna wenzi, kuna takwimu za kusoma, kuna msisimko, kuna hadithi za kusimulia mkeka ulipochanika dakika ya tisini. Tofauti iko kwenye ngazi. Anayecheza drafti kwa vizibo vya soda miaka mitano huwa mchezaji bora kuliko alivyoanza. Anayebeti miaka mitano hupata mazoea zaidi, lakini bei za dau zimepangwa ili kampuni ipate, na kadiri anavyocheza zaidi ndivyo hesabu hiyo inavyomfikia. Dalili za kuangalia ni za kawaida: kukopa ili kurudisha kilicholiwa, kuficha simu, kukasirika akiambiwa apumzike. Mwenye dalili hizo amehamia kwenye ile maana nyingine ya neno uraibu, na anahitaji mtu wa kumsaidia, si mahubiri.

Kuna shinikizo jingine lenye nia njema. Kila kijana akionekana anachora, anaimba au anafuga njiwa, huambiwa mara moja aigeuze kuwa fursa, afungue ukurasa, atafute wateja. Kwa kijana asiye na kipato ushauri huo unaeleweka, na wapo waliofaulu. Ila shughuli inayodaiwa kuleta unga ndani ya mwezi wa kwanza haipewi nafasi ya kukua. Inapokosa kuleta unga huachwa, na pamoja nayo huachwa furaha iliyokuwapo kabla ya hesabu. Miezi sita ya kujifunza bila kuuza chochote si mingi, hasa kwa aliye katika ile miezi minane ya kusubiri.

## Pa kujifunzia

Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi vilianzishwa Tanzania mwaka 1975 kwa msaada wa Sweden, kwa kufuata shule za watu wazima za nchi za Skandinavia ambako mtu husoma kwa kupenda kujua. Kimoja kiko Kisangwa, Bunda. Mafunzo ya ufundi yanapatikana pia katika chuo cha VETA kilichoko Musoma. Kwa bao, mwalimu yuko chini ya mti ulio karibu na hudai kushindwa mara nyingi tu. Kwa solfa, aulizwe mwalimu wa kwaya baada ya ibada, wakati watu wametawanyika. Anayetaka litungu itambidi apande gari hadi Tarime au Serengeti, aulizie mzee anayeipiga, na aende na kitu mkononi.